Nunda, Sungura na Mtaa Mzima

Paka wangu anaitwa Nunda, jina la yule paka wa hadithi za mwambao aliyeanza kwa kula mifugo, akaishia kula watu. Wangu hajapata kumshinda hata kifaranga. Alikuwa na umri wa miaka minne tumbo lilipoanza kumwendesha, na halikutulia kwa uji wa mchele wala kwa dua. Nasimulia kwa sababu kila nikitaja habari hii mbele za watu, hakosekani mmoja wa kunivuta pembeni na kuniambia kwa sauti ya chini kwamba na wake yuko hivyohivyo. Watu wanauguza paka kimyakimya, wanaona haya kusema wametumia pesa kwa mnyama ambaye jirani angemtimua kwa fagio.

Paka kuharisha siku mbili tatu si ajabu. Tumbo likipita wiki tatu, madaktari wa mifugo huliita sugu. La Nunda lilikwenda miezi. Choo cha majimaji, mara kina kamasi, na harufu yake haitoki chumbani hata ukideki kwa dawa. Alikuwa anakula kwa pupa na bado anakonda, mpaka pingili za mgongo zikahesabika kwa vidole. Mimi ni fundi cherehani, nashona kanzu na madera nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga. Vitambaa vya wateja na paka anayeharisha havikai chumba kimoja. Alichafua kitambaa cheupe cha bwana harusi, nikakilipa.

Zito zaidi lilikuwa la mama. Paka mwenyewe si najisi, hilo kwetu hata mtoto wa chuoni analijua. Maji aliyoyanywa paka mtu hutawadhia. Lakini kinyesi chake ni najisi, na Nunda alikiacha popote kilipomkuta, hata ukingoni mwa msala. "Mwanangu, mimi sina ugomvi naye," mama aliniambia. "Lakini nitasali wapi?" Kaka yangu alikuwa na jawabu lake tayari: ampakie kwenye pikipiki, akamwache Deep Sea, sokoni kwa samaki, ajitafutie na wenzake. Paka wengi wagonjwa huondoka majumbani kwa njia hiyo. Nilikataa, na hoja sikuwa nayo zaidi ya kusema kwamba ni wangu.

Dawa zililetwa nyingi. Majani ya mpera ya kuchemsha, mkaa wa kusaga, kitunguu saumu cha kuulia minyoo. Jirani mmoja, mama wa watu mwenye huruma, alikuja na nusu kidonge cha parasetamoli ili kimtulize maumivu. Nilikipokea kwa shukrani na sikumpa. Parasetamoli ni sumu kwa paka: ini lake haliwezi kuivunja kama letu, na damu yake hushindwa kubeba oksijeni. Kidonge kimoja kinatosha kumuua. Vitunguu navyo, saumu na vya maji, huharibu chembe nyekundu za damu yake. Hata maziwa, ambayo kila mtu anaamini ni haki ya paka, wengi wao wakishakuwa wakubwa hayawakubali. Utumbo hauna tena uwezo wa kuvunja sukari yake.

Duka la dawa za mifugo liliniuzia dawa ya minyoo. Nikampa, nikarudia, hali ikawa ileile. Ndipo nikaenda kwa daktari wa mifugo, kijana ambaye kazi zake nyingi ni ng'ombe wa maziwa na kuku wa kisasa. Nilitegemea acheke. Alimshika Nunda, akaivuta juu ngozi ya mabegani, akaiachia. Ngozi ikashuka taratibu na kubaki na mkunjo. "Huyu maji yamemwishia, dada." Akamtia maji ya chumvi chini ya ngozi kwa sindano hadi ubavu mmoja ukatoa nundu kama ya ng'ombe, kisha akakiweka choo chake chini ya hadubini. Hakuona vijidudu. Akanieleza kwamba ili kujua kwa hakika ni uvimbe wa utumbo au saratani, ingebidi kukata kipande cha utumbo na kukipima, jambo ambalo yeye hakuwa na vifaa vyake. Tungeanza na chakula: nyama ya aina moja tu, ambayo Nunda hajawahi kuila maishani.

Nunda alishakula dagaa, vichwa vya samaki, kuku, na nyama ya ng'ombe na ya mbuzi ya kila pilau iliyopikwa mtaani. Ikabaki sungura. Kuna kijana anafuga sungura upande wa Pongwe, nikawa mteja wake. Nachemsha bila chumvi wala kiungo, nampa na supu yake. Supu haimwagwi, daktari alisisitiza, kwa sababu kirutubisho kiitwacho taurini huyeyukia majini, na paka akiikosa taurini kwa muda mrefu hupofuka na moyo wake hulegea. Aliniambia pia nyama tupu ni ya kupimia tu, siyo ya kuishia, maana kalsiamu haitoshi.

Kumlisha Nunda sungura haikuwa kazi. Kazi ilikuwa watu. Paka wa Ngamiani ana nyumba moja ya kulala na nyumba kumi za kula, na kipande kimoja cha dagaa kwa siku kinatosha kuharibu jaribio zima. Nikafunga ushungi, nikaanza kupiga hodi. "Shikamoo bibi, nimekuja kwa ajili ya paka." Nilichekwa. Niliulizwa kama naye sasa ana kadi ya kliniki. Muuza chipsi aliapa hajawahi kumpa kitu, huku Nunda amekaa chini ya meza yake anamtazama usoni kama mtu anayedai. Mzee mmoja wa barabara ya pili alikasirika kabisa: siku zote anampa kichwa cha changu, leo kimegeuka sumu? Sikubishana naye. Nilimpelekea Nunda mwenyewe nikamwomba ampapase mgongo. Alipapasa, akanyamaza. Jioni yake nilimsikia akiwafokea watoto waliomrushia mfupa.

Hatimaye ilibidi nimfungie ndani, na hapo mama akanikumbusha hadithi ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Nikamjibu kwamba yule alimfunga akamnyima chakula, hakumwachia hata ajitafutie, na mimi namfungia apate kula. Mama hakuridhika sana. Na Nunda, kwa kutukomoa sote, alikuwa akikamata mijusi dirishani.

Bado haijatimia wiki mbili, choo kikashikana. Daktari alikuwa ameniambia hivyo, kwamba kama ubaya uko kwenye chakula, nafuu huonekana mapema. Nilimwita mama aje kuona, naye akaja, tukasimama wawili juu ya beseni la mchanga tukiangalia mavi ya paka kwa furaha. Mtu angepita angetushangaa.

Uzito ndio ulikataa kupanda. Vitamini B12 hufyonzwa kwenye sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, na sehemu hiyo ikiugua, mnyama hula asinenepe. Akapewa sindano ya B12 kila wiki kwa wiki sita, na juu yake vidonge vya prednisoloni vya kutuliza uvimbe. Vidonge hivyo ni vichungu. Mama ndiye aliyegundua namna: kumviringisha Nunda ndani ya kanga hadi shingoni, kichwa kikainuliwa, kidonge kikatupwa nyuma kabisa ya ulimi, kisha maji kidogo kwa bomba la sindano ili kisikwame kooni. Tukichelewa sekunde moja, anatoa povu mdomo mzima na kidonge kinarudi. Vidonge vya namna hii havikatishwi ghafla, hupunguzwa kidogokidogo, na vikitumika sana vinaweza kumletea paka kisukari. Kumbe walioniuliza kadi ya kliniki hawakuwa mbali.

Kuna siku za katikati alisusa chakula kabisa. Hilo ndilo lililonitisha kuliko kuharisha kwenyewe. Paka akikaa siku chache bila kula, mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na ini likashindwa kazi. Mtu asingoje kuona itakuwaje. Mimi nilimpasha supu kidogo ipate harufu, akagoma. Usiku huohuo nilimpigia daktari, na asubuhi akamchoma dawa ya kichefuchefu. Mchana akaramba kibakuli.

Baadaye tulirudisha vyakula kimoja kimoja. Mbuzi, sawa. Ng'ombe, sawa. Kuku, matatizo. Dagaa, matatizo makubwa. Ndiyo hivyo, paka wa Tanga, mji ulio kando ya bahari, amepigwa marufuku samaki. Sasa anakula sungura au mbuzi pamoja na unga wa madini na vitamini anaoniandalia daktari, na mizani ya duka la Mpemba, tunapomtia ndani ya kikapu, inasoma kilo tatu na nusu. Aliwahi kushuka chini ya mbili na nusu.

Hajapona. Kuna wiki anaharibikiwa, hasa msimu wa harusi, sufuria za biriani zikiwa uani na mifupa ya kuku imezagaa. Gharama nazipata kwa kupindia madera usiku, na kaka hajaacha kunung'unika, ingawa ndiye anayefuata sungura Pongwe. Mwezi ujao daktari anataka kupunguza tena kidonge. Mama hataki, anasema jambo likishatulia lisichokonolewe. Nimemwambia habari ya kisukari, akanijibu kwamba daktari huyo ni mtoto mdogo. Bado tunabishana.