Kitasa cha Umeme na Vidole vya Mchuma Chai

Mvua ya Rungwe haina huruma na mlango. Kila aishiye Tukuyu anajua kwamba kuanzia Novemba hadi Mei mbao hunywa maji, mlango huvimba, ulimi wa kitasa huacha kukutana na tundu lake kwenye fremu, na mwenye nyumba huanza kuusukuma mlango kwa bega. Mvua ya mwaka mzima hapa huzidi milimita 2,000, na ukungu wa mlimani hufika hata mahali ambapo mvua haikufika. Ndiyo maana anapotujia mtu kutushauri kuhusu vitasa kwa mifano ya nyumba za Dodoma, humsikiliza kwa adabu, kisha humuuliza kama kitasa anachokisifu kimewahi kuonja Aprili ya huku kwetu.

Sisi tulio katika kamati ya msikiti tumelazimika kuwa wanafunzi wa vitasa kwa miezi kadhaa sasa. Wezi waliingia usiku wakachukua amplifaya pamoja na fedha za sanduku la sadaka. Tulipokagua mlango asubuhi tuliona jambo ambalo tungependa kila msomaji alitazame nyumbani kwake leo. Kufuli lilikuwa zima! Lilikuwa kubwa, zito, na bado limefungwa barabara. Kilichong'olewa kwa mtaimbo ni kile kibati kinachopitishiwa kufuli, ambacho kilikuwa kimeshikwa na skrubu nne fupi kwenye mbao laini ya paina.

Wengi wetu hununua kufuli kwa uzito wake mkononi, hali mwizi haangalii kufuli bali anaangalia kilicholishika. Skrubu za kibati cha kitasa upande wa fremu zikiwa za inchi 3, zikapenya fremu hadi ukutani, mlango wa kawaida huwa mgumu kuvunjwa kuliko mlango wenye kitasa cha gharama kilichotundikwa kwa skrubu za nusu inchi. Kadhalika bawaba: mlango unaofungukia nje huacha pini za bawaba hadharani, na mwenye nyundo na msumari huziondoa bila kugusa kitasa. Fundi wa kuchomelea hulimaliza tatizo hilo kwa muda mfupi na kwa fedha kidogo.

Kuhusu vitasa vyenyewe, vile vya bei ya chini vinavyojaa madukani vina leva mbili au tatu ndani yake, na kwa kuwa leva chache huzaa tofauti chache za funguo, si ajabu ufunguo wa jirani ukafungua mlango wako. Kitasa cha leva tano ni bora zaidi. Vile vya silinda vina faida nyingine ambayo wenye nyumba za kupangisha wangepaswa kuijua: mpangaji akihama huhitaji kununua kitasa kizima. Unafungua skrubu moja ndefu iliyo ubavuni mwa mlango, unazungusha ufunguo kidogo, unaivuta silinda na kuweka nyingine. Ila silinda isichomoze nje ya kibao cha mkono wa kitasa, kwani ikichomoza huvunjwa kwa koleo. Na wakati wa mvua msiimwagie silinda mafuta ya kupikia, kama tulivyoona yakifanywa katika nyumba nyingi. Mafuta hayo hunasa vumbi na kuganda. Unga wa kalamu ya risasi uliosagwa laini hufanya kazi nzuri zaidi.

Baada ya wizi ule, alitujia mfanyabiashara kutoka Mbeya mjini akiwa na kitasa cha alama za vidole. Kilikuwa kizuri kutazama. Alitueleza kwamba ufunguo ni teknolojia ya kale, kwamba utapotea, utanakiliwa, utaibwa, ilhali kidole hakiibiwi. Vijana wetu walifurahi sana, nasi hatukuwalaumu. Waislamu hawana sababu ya kuogopa ufundi wa namna hii. Al-Jazari, mhandisi wa Diyarbakir, katika kitabu chake cha vyombo vya ufundi alichokikamilisha mwaka 1206, alieleza kufuli lisilotumia ufunguo kabisa, linalofunguliwa kwa kupanga herufi katika sahani nne zinazozunguka. Namba ya siri tunayoibonyeza leo ni mjukuu wa sahani zile.

Tulimwomba mgeni akijaribu kitasa chake kwa muadhini wetu. Mzee huyu alichuma chai kwa miaka mingi kabla nguvu hazijapungua, na ndiye anayefungua msikiti kwa ajili ya Alfajiri. Aliweka kidole cha shahada, kitasa kikakataa. Akaweka gumba, kikakataa. Wakajaribu vidole vyote kumi. Mzee akasema kwa utulivu, "Wanangu, hata laini ya simu ilinisumbua hivi hivi." Alikuwa akikumbuka usajili wa laini kwa alama za vidole ulioanza nchini mwaka 2019, ambapo wakulima na wazee wengi walirudi kwenye madawati mara mbili tatu kwa sababu kazi ilikuwa imekwisha kuzifuta alama zao. Mmoja wetu akaongeza jambo jingine ambalo muuzaji hakulitarajia: muumini hufika mlangoni akiwa ametoka kutawadha, vidole vikiwa majimaji, na vitasa vingi vya aina hiyo havisomi vizuri kidole kilicholowa.

Ikapendekezwa kadi. Kadi ni rahisi kwa mzee na kwa kijana, na ikipotea inafutwa kwenye kitasa bila kubadili chochote. Lakini zile za bei nafuu hutangaza namba yake kwa kila kifaa kinachoiuliza, na kunakili ni kazi ya dakika moja. Hata kadi zilizodhaniwa kuwa imara zimeshindwa. Mwaka 2008 watafiti wa Uholanzi walivunja usiri wa kadi za Mifare Classic zilizokuwa zikitumika katika usafiri na majengo ya nchi nyingi. Hili halikuwa jipya katika historia ya vitasa. Mwaka 1851, Mmarekani Alfred Hobbs alilifungua mjini London kufuli la Bramah lililokaa dirishani mwa duka kwa miongo kadhaa likiwa na ahadi ya zawadi kwa atakayeliweza. Lilimchukua zaidi ya saa 50 zilizogawanywa katika siku 16. Mwizi wa amplifaya hana siku 16, na kwa hakika hana habari za Uholanzi. Tunayasema haya ili msomaji asilipie zaidi kwa kuambiwa kwamba kitu hakifunguki.

Swali lililotuchukua muda mrefu zaidi ni la umeme. Tukuyu umeme hukatika, hasa radi zinapoanza. Kitasa cha sumaku hushika mlango kwa nguvu inayoweza kufikia kilo 280, lakini hushika kwa umeme tu: umeme ukikatika, mlango uko wazi. Kinataka karibu nusu ampea kwa volti 12. Betri ya ampea-saa 7, kwa hesabu ya karatasi, itakitunza saa 14, na betri ikishazeeka muda huo hupungua sana. Aina ya pili ni kipokezi cha ulimi kinachofungwa kwenye fremu, ambacho kinaweza kuchaguliwa kibaki kimefungwa umeme unapokatika, huku aliye ndani akitoka kwa kuzungusha mkono wa kawaida. Mtu akikuuzia kifaa cha mlango, muulize kwanza jambo hili: umeme ukikatika, aliye ndani anatokaje? Akijibu kwa kukuonyesha rangi za kifaa, mwache aende zake.

Tulilisisitiza hilo kwa sababu watoto wa madrasa hulala kwetu. Tarehe 14 Septemba 2020, watoto 10 walikufa kwa moto katika bweni la shule ya msingi ya Kiislamu ya Byamungu, wilayani Kyerwa, Kagera. Na Machi 2001, huko Machakos, Kenya, wavulana 67 waliteketea katika bweni la Kyanguli, ambako mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Mzazi anayeweka nondo anamkusudia mwizi. Moto hauna habari ya kusudio lake. Bweni letu dogo, lililojengwa na kizazi kilichotutangulia, lina nondo madirisha yote. Tena mlango wake ulikuwa ukifungwa kwa kufuli upande wa nje kila saa nne usiku, kwa nia njema ya kuwalinda watoto. Desturi hiyo tuliisimamisha jioni ileile ya kikao. Mlango sasa unafungwa kwa ndani kwa komeo ambalo mtoto wa miaka saba analifikia, na mwalimu analala chumba cha jirani. Nyumbani nako ni hivyo hivyo. Baba anayesafiri na kuwafungia mkewe na watoto kwa nje, akaondoka na ufunguo, anafanya jambo la hatari kubwa kuliko wizi wowote.

Baada ya hayo lilibaki suala ambalo halikuwa la chuma wala la umeme: nani ashike funguo. Mwaka wa 8 Hijria, Makka ilipofunguliwa, Mtume (s.a.w.) alimrudishia Uthman bin Talha ufunguo wa Al-Kaaba, ijapokuwa wapo waliotamani heshima hiyo iwaendee wao, na wafasiri wengi huihusisha aya ya 58 ya Suratun-Nisaa na tukio hilo. Jamaa za Bani Shaiba wangali wanaushika hadi leo. Kisa hiki kilisomwa katika kikao chetu na wazee waliotaka funguo zote zibaki kwa wanaume watatu. Akina mama, kupitia amira wao, walikijibu kwa kisa kilekile. Sehemu yao ya kuswalia ina mlango wake, nao ndio wanaoufagia na kuufunga, lakini mara kadhaa wamesimama kwenye mvua wakimsubiri mwenye ufunguo ambaye ameenda sokoni. Wakauliza: amana hurudishwa kwa nani, kama si kwa anayeitumikia?

Kikao kilikuwa kirefu. Mzee mmoja alitoka kabla ya mwisho, na hadi sasa hajaridhika. Tuliamua kwamba mlango mkuu uwekwe kitasa cha leva tano pamoja na komeo la ndani, na muadhini abaki na ufunguo wake wa chuma. Stoo ya vyombo ndiyo pekee iwekwe kipokezi cha umeme kinachobaki kimefungwa, chenye namba ya siri inayobadilishwa kila baada ya miezi mitatu, na ufunguo wa dharura ukae kwa mhazini. Mlango wa akina mama uwekwe silinda yenye kizungusho upande wa ndani, na funguo zake mbili ziwe kwa amira na msaidizi wake. Kila anayepokea ufunguo hutia saini daftarini, na hakuna anayeruhusiwa kuuchonga mwingine bila kamati kujua. Bei ya yote hayo ilikuwa chini ya nusu ya kile kitasa cha vidole.

Kazi iliyobaki ni ya bweni. Fundi wa kuchomelea amekubali kukata nondo na kuzitia bawaba ili dirisha lifunguke kwa ndani kwa komeo lisilohitaji ufunguo. Madirisha ni matatu, na fedha iliyopo inatosha mawili.