Robo Yetu ya Nguruwe

Sisi ni familia kumi na mbili za jumuiya moja hapa Mbeya mjini. Tulipoombwa kuandika namna imani inavyogusa maisha ya nyumbani, tulijua lazima tuandike juu ya nguruwe. Wapendwa ambao nyama hii haiingii mezani kwao watuvumilie.

Jambo lilianza baada ya ibada ya jumuiya, tukinywa chai nyumbani kwa mzee wa kanisa. Mazungumzo yakageukia nyama ya Krismasi. Hapa mjini nguruwe ni kitimoto, na kitimoto mara nyingi iko baa. Wengi wetu tulikuwa tukimtuma kijana akatufungie kilo mbili, kwa sababu hatukutaka kuonekana tumesimama pale. Mnyama alikula nini, alichinjwa wapi, nani aliikagua nyama, hatukuuliza. Ndipo mama mmoja akasema anamfahamu mjane wa upande wa Tukuyu ambaye nguruwe wake hawafungiwi bandani mchana kutwa. Wanatembea na kuchimba shambani.

Habari hiyo iliwatisha baadhi yetu badala ya kuwafurahisha. Nguruwe anayezurura hula chochote anachokikuta, hata kinyesi cha watu, na huko ndiko anakopata tegu. Nyama yake huwa na malengelenge madogo meupe, na mtu akiila bila kuiva vizuri, mdudu huyo anakua tumboni mwake. Tukaamua kwenda kuona kwa macho.

Tulikuta shamba la ekari moja na nusu, limezungushiwa uzio wa mianzi na kugawanywa vipande vinne. Nguruwe walikuwa kwenye kipande kilichokwisha kuvunwa viazi vitamu, wanafukua vile vilivyobaki ardhini. Baada ya wiki mbili huhamishiwa kipande kingine, na nyuma yao udongo umelimika na una mbolea. Jioni walirudi bandani kula pumba za mahindi, mashudu ya alizeti na dagaa kidogo. Makombo ya hotelini mama huyo hakuyapokea hata ya bure. Choo cha nyumbani kwake kilikuwa na mlango unaofungwa, naye alituonyesha kwa fahari kuliko alivyotuonyesha nguruwe! Tulicheka njia nzima kurudi, lakini shaka ilikuwa imeisha.

Makubaliano yaliandikwa kwenye daftari la shule. Vitoto vitatu vya miezi miwili, kila kimoja familia nne. Kila familia robo moja, ambayo tulikadiria itakuwa kilo 15 za nyama pamoja na mifupa. Malipo shilingi 150,000 kwa awamu tatu: Mei, Agosti, na siku ya kuchinja mwezi Desemba, mkaguzi wa nyama akiwepo. Tulisaini wote, mama akaweka jina lake chini. Hakuna aliyeuliza itakuwaje nguruwe wakifa. Watu wa kanisa tuna tabia ya kudhani kwamba tukishafunga kwa sala, tumeshamaliza kila kitu.

Oktoba ikaja homa ya nguruwe.

Ugonjwa huu ulielezwa na wataalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921. Ngiri wa porini hukaa na virusi vyake bila kuugua, lakini nguruwe wa kufugwa hufa kwa siku chache. Hauna dawa, na hapa kwetu hatuna chanjo yake. Mwanadamu haumpati, lakini virusi hukaa muda mrefu ndani ya nyama, na husafiri kwa viatu, magari na makombo. Hadi leo hatujui uliingiaje mle ndani ya uzio wa mianzi. Afisa mifugo alitangaza karantini: hakuna nguruwe wala nyama yake kutoka kijijini.

Mama alitupigia simu jioni. Mmoja wa wale watatu amekufa, na jike lake la kuzalisha halisimami. Hapa tunapaswa kusema kweli, maana ndiyo sababu ya kuandika. Swali letu la kwanza halikuwa juu yake. Tuliuliza, "Na wale wawili?" Akasema bado wanakula. Usiku ule ule tulipigiana simu sisi kwa sisi, na kabla ya saa nne tulikuwa na mpango. Wachinjwe kabla hawajaugua. Nyama ipakiwe kwenye magunia ya ndizi, tutapata gari. Haidhuru watu, tulisema, na ni mali yetu, tumeshailipia theluthi mbili. Mzee wa kanisa alikuwepo katika mpango huo. Mwalimu wa kwaya ndiye aliyepiga simu.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba pale Mbeya wapo akina mama wenzake wanaofuga, na mifupa ya nyama ile itatupwa jalalani, na nguruwe na mbwa wao watafika jalalani. "Siwezi kuwafanyia vile nilivyofanyiwa," akasema. Akaongeza, "Ndaga," akakata simu.

Siku tatu baadaye wote walikuwa wamekufa, wetu na wake. Walizikwa katika shimo refu, juu yakamwagwa chokaa.

Jumatano iliyofuata tulikutana na daftari lile mezani. Wengine walisema arudishe shilingi 1,200,000, maana biashara ni biashara. Wengine walisema tulinunua robo ya mnyama aliye hai, siyo kilo za buchani, na robo ya mnyama aliyekufa ni robo ya shimo lile. Sauti zilipanda. Mwinjilisti wetu hakuamua. Alifungua Marko sura ya tano, habari ya nguruwe elfu mbili hivi walioporomoka ziwani, akatuuliza kwa nini watu wa nchi ile walimwomba Yesu aondoke. Tumeisikia habari hiyo tangu shule ya Jumapili na siku zote tulimtazama yule mtu aliyeponywa. Hakuna aliyewahi kutufikirisha juu ya wenye nguruwe. Usiku ule tulikaa upande wao, na hatukupenda mahali tulipokaa.

Hatukudai. Lakini msidhani kwamba wote tulikubali kwa moyo mweupe. Familia moja ilikuwa imeweka humo fedha ya ada ya Januari, na baba yake hakusema kitu kikaoni kwa aibu. Alimfuata mzee faragha siku ya pili. Tulichangishana tukamrudishia 100,000 yake, na jina lake tukaliacha daftarini. Mwingine bado anaamini tulionewa. Tunamheshimu, naye bado anakuja jumuiya.

Kwa mama tulikwenda baada ya karantini kuondolewa, bila agizo la mtu. Tulimwomba msamaha kwa ile simu. Alitupa viazi na hakuitaja simu hiyo tena. Akina baba walisaidia kubomoa banda la zamani na kulichoma. Shamba likapumzika miezi mingi, banda jipya likapuliziwa dawa, hadi afisa mifugo aliporuhusu vitoto viwili tu, vya kujaribia.

Vilikua. Desemba iliyofuata tulisafiri na ile awamu ya tatu mfukoni, ingawa nguruwe wawili kwa familia kumi na mbili si robo tena bali sehemu ya sita. Mkaguzi akagonga mhuri, nyama ikapimwa, mama akapanga mabeseni chini ya mgomba. Tulihesabu kumi na matatu, tukadhani amekosea. Alisema hakukosea. La mwisho ni la jirani yake wa bondeni, ambaye banda lake bado ni tupu. Tukapunguza kidogo kutoka kila beseni, tukarudi Mbeya na kilo tisa kila familia.