Alama za Kamba

Wewe msomaji, ukiokota kigae cha chungu kilichovunjika, waona nini? Mimi, nilipokuwa nikijifunza ualimu chuoni, niliona takataka tu. Siku moja nilifungua kitabu chenye picha za vyungu vya kale vya Japani, nikastaajabu, kwa kuwa nakshi zake nalizijua tangu utotoni.

Vyungu hivyo huitwa Jomon, maana yake alama za kamba. Jina hilo lilitokana na maneno ya Edward Morse, mtaalamu wa Marekani, ambaye mwaka 1877 alichimbua lundo la makombe ya kale huko Omori, Tokyo, baada ya kuliona akiwa ndani ya gari la moshi.

Waliovifinyanga waliishi hasa kwa kuwinda, kuvua na kukusanya matunda ya msituni. Vigae vilivyopatikana Odai Yamamoto, kaskazini mwa nchi, vina umri wa zaidi ya miaka 15,000, navyo havina nakshi. Nakshi zilikuja baadaye. Mfinyanzi hakuwa na gurudumu. Aliviringa udongo ukawa mrefu kama nyoka, akaupanga pete juu ya pete, akausawazisha kwa mkono. Kabla haujakauka, alibingirisha juu yake kamba iliyosokotwa, na kila msokoto ukaacha alama yake. Wengine walitumia kucha au ukingo wa kombe. Yapata miaka 5,000 iliyopita, watu wa Niigata walifanya vyungu vyenye midomo iliyoinuka kama ndimi za moto. Vyote vilichomwa mahali pa wazi, bila tanuri.

Nyanya yangu naye alikuwa mfinyanzi, akibingirisha kamba vivyo hivyo. Hakuna aliyemfundisha mwenziwe kati yake na watu wale. Mikono iliyo mbalimbali yaweza kufikia jambo moja. Siku moja nalimwambia, "Nyanya, alama hizo haziongezi maji utamu. Mbona wapoteza wakati?" Hakunijibu.

Picha zile ndizo zilizonijibu. Watu waliotafuta chakula chao siku kwa siku walipata wasaa wa kukipamba chombo cha kupikia. Mimi niliyeshiba niliuona wasaa huo hasara!

Chuo kilipofungwa nilikwenda kumtaka radhi. Nikamkuta macho yamefifia, hafinyangi tena. Akacheka, akasema, "Mjukuu wangu, lete kamba." Akaisokota kwa vidole vyake, akanitia mkononi.

Kamba hiyo ninayo hata leo. Nawe, msomaji, kama nyumbani kwenu yuko mzee mwenye kazi ya mikono, kamwulize mapema.