Mwenyekiti Tunamjua. Makamu Je?

 

Huku kwetu siasa za Kenya hazisimami mpakani kuonyesha kitambulisho. Kaa kwenye kibanda chochote cha chapati upande wa Uganda, utasikia watu wakibishana kuhusu uchaguzi wa Kenya wa 2027: nani atasimama, na hasa nani atakuwa mgombea mwenza wa nani. Wengine wananiuliza, "Wewe mkimbizi, kura huna, hayo yanakuhusu nini?" Yananihusu sana.

Turudi 2007. Agosti mwaka huo muungano mkubwa wa upinzani Kenya ulipasuka vipande viwili, kisa ni nani abebe bendera ya urais. Kipande kimoja, ODM-Kenya, kilikutana Kasarani tarehe 31 Agosti. Kalonzo Musyoka akashinda. Aliyeshindana naye alikuwa Dkt. Julia Ojiambo, mama wa hapa hapa Busia, aliyeingia Bungeni 1974 na kuwa mwanamke wa kwanza Kenya kuwa waziri msaidizi. Baada ya kushindwa, akakubali kuwa mgombea mwenza wa Kalonzo.

Kesho yake, tarehe 1 Septemba, ikawa zamu ya ODM, hapo hapo Kasarani. Raila Odinga akapata kura 2,656, Musalia Mudavadi 391, William Ruto 368. Ukiziangalia hizo namba unaweza kusema waliobaki walidhalilishwa, waende nyumbani wakanune. Hawakwenda. Mudavadi akawa mgombea mwenza, na Ruto na wenzake wakaingia kwenye timu ya kampeni iliyoitwa Pentagoni. Walioshindwa walikuwa na kazi ya kufanya kesho yake asubuhi. Kwa hiyo walibaki.

Sasa linganisha na Desemba. Kura zikapigwa tarehe 27, na tarehe 30 Kibaki akatangazwa mshindi. Upande wa pili ukakataa matokeo. Wakati ule anayeshinda Kenya alichukua vyote na anayeshindwa hakubakiwa na chochote. Nyumba zikachomwa, watu wakauawa zaidi ya elfu moja. Maelfu wakavuka Busia na Malaba kuingia Uganda. Mimi nilikuwa na miaka saba, nimefungiwa blanketi mgongoni kama mzigo. Tukapelekwa Mulanda, hapa Tororo, kwenye mahema. Baadaye mwaka 2008 watu wakahamishiwa Kiryandongo, lakini mama yangu alibaki Tororo akiuza mandazi, ndiyo maana mimi ni mtu wa huku. Nikisikia mtu anasema siasa ni mambo ya wakubwa, nakumbuka foleni ya maji ya Mulanda. Wakubwa hawakuwemo kwenye ile foleni.

Lakini kuna jambo nililolielewa nikiwa mkubwa. Tarehe 8 Januari 2008, moto bado unawaka, Rais Kibaki alitangaza Makamu wa Rais. Nani? Kalonzo, aliyekuwa wa tatu kwenye uchaguzi. Na yule mama wa Busia, aliyezunguka nchi nzima akiitwa mgombea mwenza? Kiti hicho hakikuwa chake. Katiba ya wakati huo haikumtambua mgombea mwenza hata kidogo. Makamu aliteuliwa na Rais baada ya uchaguzi. Wapiga kura walionyeshwa watu wawili jukwaani, lakini wa pili alikuwa ahadi ya mdomo tu. Ahadi ni deni, wanasema. Ila deni lisiloandikwa utalidai wapi?

Katiba ya 2010 ikabadilisha hilo. Sasa kila anayegombea urais Kenya lazima amtaje naibu wake kabla ya kura, na wanachaguliwa pamoja. Ndiyo maana Mei 2022 nchi nzima ilisimama kusubiri majina. Ruto akamtaja Rigathi Gachagua tarehe 15, ingawa jina la Kithure Kindiki nalo lilikuwa limetajwa sana. Siku iliyofuata Raila akamtaja Martha Karua. Mwisho wa hadithi ya Gachagua mnaujua: Seneti ilimwondoa tarehe 17 Oktoba 2024, na Kindiki akaapishwa tarehe 1 Novemba. Kwa hiyo maandishi hayazuii watu kugombana. Lakini kumtoa mtu wa pili kulihitaji mashtaka, kura za wabunge na maseneta, na watu kuangalia kwenye televisheni. Hakufutwa kwa simu usiku.

Ukivuka geti kuja Uganda, mambo ni mengine. Hapa huchagui makamu. Rais anamteua, Bunge linamthibitisha. Hatua mia moja tu kutoka Busia hadi Busia, na swali moja lina majibu mawili.

Haya, sasa tuje kwetu. Mwezi ujao kikundi chetu kinachagua mwenyekiti. Wanaotaka ni wawili, na maneno yameshaanza: huyu ni wa Wakongo tu, yule ni wa waliosoma. Nimewauliza wote, makamu wako ni nani? Mmoja alicheka. Mwingine alisema, "Hiyo tutaona tukishashinda." Na tayari nasikia upande mmoja ukisema wakishindwa wataanzisha kikundi chao.

Jamani, sisi tunahitaji makamu kuliko hata Kenya. Rais haondoki ovyo, sisi tunaondoka. Mwenyekiti wetu wa kwanza kesi yake ilipita, akapewa tarehe ya ndege ya Kanada, na tulimfurahia kwa moyo wote. Lakini laini ya simu yenye pesa za kikundi ilikuwa kwa jina lake peke yake, na wafadhili walikuwa na namba yake peke yake. Makamu alikuwepo, ila hakuna aliyewahi kumwambia kazi yake ni ipi. Ilituchukua miezi minne kusimama tena, na cherehani mbili tulizoahidiwa zikaenda kwa wengine.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kila mgombea amtaje makamu wake kabla ya kura. Kazi za makamu ziandikwe kwenye katiba yetu, pamoja na kushika funguo ya pesa na mwenyekiti. Na atakayeshindwa apewe kamati ya kuongoza, siyo makofi peke yake, ili kesho yake asubuhi awe na sababu ya kurudi.

Ndugu wa mashirika, ninyi pia: mkija, chukueni namba mbili.

Kura yangu mimi haina kabila wala cheti. Nitampa atakayetangulia kutuambia akipanda ndege, funguo anamwachia nani.