Gusa Kishungi cha Jogoo

Kitale, 4 Mei

Mwanangu Nafula,

Huku Kitale mvua imeshika, mahindi yanapaliliwa, na kila jioni kumbikumbi wanaruka. Nimekumbuka jinsi ulivyokuwa ukiwakimbiza na sufuria.

Nimeupata ujumbe wako pamoja na picha ya ile chupa. Unasema muuzaji mmoja sokoni Chwele amemwambia kukhu, nyanya yako, kwamba vidonge hivyo vinarudisha gegedu la goti, kwamba chupa moja ni shilingi 4,500, na kwamba kukhu anataka kuuza kuku wake ili anunue tatu. Ungekuwa mtu mwingine ningekujibu kwa neno moja. Lakini wewe sasa unasomea uuguzi katika chuo cha KMTC Bungoma, na kesho wagonjwa watakuuliza kama unavyoniuliza mimi. Kwa hiyo nivumilie nikueleze.

Kwenye chupa pameandikwa kondroitini. Hilo ni jina la mmoja wa ukoo mkubwa. Mwaka 1938 mwanakemia Karl Meyer aliuita ukoo huo mukopolisakaridi. Vitabu vyako vya leo vinasema glikosaminoglikani. Ni minyororo mirefu ya sukari inayoshika maji na kuteleza. Umewahi kuiona bila kujua. Ukitafuna gegedu la kuku, imo. Utakapokata kiungamwana cha mtoto kwa mara ya kwanza, ule ute mzito ulio ndani yake ni wa ukoo huo huo. Watu huuona ute kuwa uchafu wa kupangusa, na kumbe ndio unaolainisha viungo vyetu.

Katika ukoo huo yumo mmoja ambaye familia yetu ina deni kwake, naye ni heparini. Hujawahi kusimuliwa vizuri, kwa hiyo nitakusimulia.

Mvua ya mwaka uliozaliwa ndiyo iliyokupa jina. Siku ya tisa baada ya kujifungua, mguu wa kushoto wa mama yako ulivimba hadi pajani, ukawa wa moto na unauma. Kijijini wakasema amekanyaga kitu. Siku tatu zikapotea kwa kuoga majani ya miti. Mimi nilipofika nikaulinganisha mguu na mwenzake, nikaogopa. Baba yako alimbeba kwa baiskeli kwenye tope hadi barabarani, nami nikafuata nimekushika kifuani. Daktari alisema damu imeganda ndani ya mshipa mkubwa, na kipande kikikatika kikafika mapafuni tutampoteza. Akaanzishiwa heparini siku hiyo hiyo.

Heparini haiyeyushi bonge la damu lililokwisha kuganda. Inaishika protini ya mwili iitwayo antithrombini na kuiongezea kasi mara elfu au zaidi, hivyo bonge halikui tena, na mwili unapata nafasi ya kulimeng'enya wenyewe polepole. Nawe uliendelea kunyonya siku zote hizo bila dhara, maana molekuli yake ni kubwa, haipiti kwenye maziwa. Kondo la nyuma pia haivuki. Ndiyo sababu mjamzito mwenye damu iliyoganda huchomwa dawa za jamii hii badala ya kupewa warfarini, ambayo huvuka na yaweza kumdhuru mtoto.

Aliyeigundua heparini alikuwa mwanafunzi kama wewe. Mwaka 1916, huko Baltimore, Jay McLean alikuwa akitafuta kitu cha kuigandisha damu, akakuta kimoja kutoka kwenye ini kinachoizuia isigande. Mwalimu wake, William Howell, akaiita heparini mwaka 1918 kutokana na neno la Kigiriki la ini. Ilichukua karibu miaka ishirini zaidi, kwa kazi ya watu wa Toronto na Stockholm, hadi ikasafishwa vya kutosha kuingizwa kwa mgonjwa. Leo iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Utaikuta pia kwenye mashine za kusafisha damu ambazo kaunti nyingi zilianza kupata kuanzia mwaka 2015, kwani bila kitu cha kuzuia kuganda, damu inayozunguka kwenye mirija ile ingeganda njiani.

Lakini iheshimu. Haimezwi, huchomwa. Ikizidi, mgonjwa hutoka damu, na dawa ya kuizima ni protamini, ambayo asili yake ni mbegu za kiume za samaki. Wagonjwa wachache hupungukiwa chembe sahani kwa sababu yake, kwa hiyo fuatilia vipimo. Tena heparini nyingi hutengenezwa kwa utando wa matumbo ya nguruwe. Mwambie mgonjwa ukweli huo kabla hujamchoma. Bungoma ina Waislamu, na Wasabato pia. Wengi watakubali kwa dharura ya uhai, lakini uamuzi ni wao.

Sasa nije kwenye jogoo. Unakumbuka hadithi ya kukhu kuhusu paka waliowatumikia majogoo, wakiwakusanyia kumbikumbi, kwa sababu majogoo walidai vishungi vyao ni moto? Hadi siku paka mmoja alipokigusa kishungi cha jogoo aliyelala, akakuta ni baridi, na utumwa ukaishia hapo. Kishungi kile kimejaa ute wa asidi ya hayaluroniki, ndugu mwingine wa ukoo huu. Karl Meyer na John Palmer waliupata kwanza kwenye jicho la ng'ombe mwaka 1934. Baadaye Endre Balazs akausafisha kutoka kwenye vishungi vya majogoo, na tangu mwaka 1980 hivi madaktari wa macho wakawa wanauweka ndani ya jicho wanapoondoa mtoto wa jicho, ili vyombo visikwaruze chembe laini zilizo nyuma ya konea. Palipo na uhaba wa fedha hutumika methiliselulosi inayotokana na mimea, ambayo ni rahisi zaidi, na watu wanaona vizuri. Ukienda hospitali ya macho ya Sabatia kule Vihiga kwa mafunzo, muulize daktari wanatumia ipi na kwa nini.

Kwa hiyo ute huu unatibu kweli. Muuzaji wa Chwele anajificha nyuma ya ukweli huo. Dawa kufanya kazi kwenye mshipa au kwenye jicho hakuipi cheo gotini. Mwaka 2006, Marekani, watafiti walichapisha matokeo ya wagonjwa 1,583 wenye maumivu ya goti. Wengine walipewa glukosamini, wengine kondroitini, wengine zote mbili, wengine vidonge visivyo na dawa. Kwa jumla, waliomeza dawa hizo hawakupata nafuu ya kuwazidi waliomeza vidonge vitupu. Hata sindano za asidi ya hayaluroniki gotini, ambazo ni ghali sana, chama cha madaktari wa mifupa cha Marekani kilishauri mwaka 2013 zisitumike. Gegedu lililolika halirudishwi na kidonge.

Kuna jambo moja zaidi linalonisumbua. Kati ya mwaka 2007 na 2008 makumi ya wagonjwa walikufa Marekani baada ya kuchomwa heparini iliyochanganywa na kondroitini iliyobadilishwa kwa kemia. Malighafi ilitoka China. Kipimo cha kawaida kiliangalia tu kama damu inachelewa kuganda, na ile bandia ilipita. Ndugu alivaa nguo za ndugu yake, na walinzi wakamfungulia mlango. Tangu hapo vipimo vimebadilishwa. Ikiwa hilo liliwezekana kwenye dawa inayokaguliwa, fikiri kuhusu chupa inayouzwa juani bila namba ya usajili.

Kwa hiyo mwambie kukhu asiuze kuku. Lakini usimwachie "hapana" mikononi na goti bado linauma. Mpeleke hospitali goti lipimwe. Mfundishe kukaa kitini na kunyoosha mguu, ahesabu hadi kumi, aushushe; afanye asubuhi na jioni, maana paja lenye nguvu hulibebea goti mzigo. Mtafutie fimbo inayomfaa kimo. Dawa ya maumivu ya kupaka itamsaidia. Nami Jumamosi nitashuka kupitia Kamukuywa nije tuzungumze naye pamoja, kwa sababu yule muuzaji alikaa naye akamsikiliza, na pengine sisi hatukufanya hivyo.

Tutakapokuwa hapo, mwombe atusimulie tena ya paka na jogoo. Yeye ndiye aliyetufundisha kugusa kishungi kabla ya kukiogopa; atakapoisimulia, jibu la ile chupa atalitoa mwenyewe.

Wele, Mungu wetu, akulinde.

Shangazi yako