Nasaba ya Vibarua wa Norfolk

Aila ya mke wangu ni watu wa Norfolk, jimbo la mashariki ya Uingereza lenye ardhi tambarare, upepo mkali wa bahari na makanisa ya kale zaidi ya 600. Nami niliyezaliwa Lamu, nikalelewa na wazee waliohesabu nasaba zao kwa ulimi, baba baada ya baba, pasina kutazama karatasi, nilipoingia katika aila hiyo miaka ya sitini nilivutiwa mno kuona kwamba kwa wenzetu hawa amana ya nasaba haikuwekwa vifuani mwa wazee, bali katika madaftari ya kanisa la kijiji. Nimejaaliwa umri wa kuyaona madaftari hayo yakihama kutoka kanisani hadi hifadhi ya nyaraka ya jimbo, na kutoka huko hadi kwenye intaneti; na katika kuhama huko nimeona pia jinsi watu walivyobadilika katika kile wanachokitafuta humo.

Baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa seremala, mtu wa maneno machache na murua mwingi, na fahari yake moja kubwa ilikuwa kwamba jina la ukoo wake ni lile lile lililochongwa juu ya makaburi ya marumaru yaliyomo ndani ya kanisa la kijijini kwao, makaburi ya mabwana waliomiliki mashamba yote ya pale kwa karne nyingi. Bibi yake alimwambia tangu utotoni kwamba wao ni tawi la mabwana hao lililodhulumiwa mirathi, naye akatamani kabla ya kufa aione ithibati.

Zama hizo mwenye kutaka habari za wazee wake hakuwa na budi amwendee kasisi, amwombe ruhusa, na alipe ada iliyowekwa na sheria kwa kila mwaka aliotaka kuupekua. Kanisa lenyewe limejengwa kwa mawe ya gumegume, na mnara wake ni wa duara, kama ilivyo minara mingi ya Norfolk. Na ndani yake, katika chumba ambamo kasisi huvaa joho lake, lilikuwamo kasha la mwaloni lililokazwa kwa mapao ya chuma. Asili ya kasha kama lile ni amri ya mwaka 1538, aliyoitoa Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, kwamba kila parokia iwe na daftari la ubatizo, ndoa na maziko, liandikwe kila Jumapili mbele ya wasimamizi wa kanisa, na lifungiwe katika sanduku la kufuli mbili, ufunguo mmoja ukae kwa kasisi na wa pili kwa wasimamizi. Mwaka 1598 ikaja amri nyingine kwamba yaliyoandikwa katika karatasi dhaifu yanakiliwe katika ngozi, hasa tangu 1558 alipotawala Malkia Elizabeth, na nakala ipelekwe kwa askofu kila mwaka. Kwa amri hizo mbili, Mwingereza wa leo anaweza kuliona jina la mchunga kondoo aliyezikwa zaidi ya miaka 400 iliyopita.

Tulikaa na mzee katika baridi ya chumba kile, tukifunua kurasa za ngozi zilizokuwa ngumu na zenye harufu ya moshi wa mishumaa, na taratibu tukajifunza ilimu yake. Kurasa za kale ziliandikwa kwa Kilatini. Jina la ukoo mmoja liliandikwa kwa tahajia tatu au nne, kwa sababu kila kasisi aliliandika kama alivyolisikia. Na hadi mwaka 1752 mwaka wa Kiingereza ulianza 25 Machi, si 1 Januari, hata mtu aliyeoa Aprili 1710 na mwanawe akabatizwa Februari 1710 hakutenda haramu yoyote, kwa kuwa kwa hesabu yao Februari ile ilikuja baada ya Aprili. Asiyeijua hesabu hiyo aweza kuvunja heshima ya watu waliokufa na insafu zao.

Kisha ikapitishwa sheria ya kanisa ya mwaka 1978, iliyotaka madaftari ya zamani yatolewe katika makanisa yenye unyevu na kuwekwa katika hifadhi za nyaraka, na yale ya kijiji chetu yakapelekwa mji wa Norwich. Hapo ufunguo ukamtoka kasisi. Mtu yeyote, tajiri au fukara, Mkristo au asiye Mkristo, aliweza kuingia, akaandika jina lake mlangoni, akakaa mbele ya mashine ya kusomea filamu, na kurasa zikapita mbele ya macho yake kwa kuzungusha mpini. Ni katika chumba hicho ndipo tulipomkuta babu wa babu yake mzee.

Tulimkuta kwanza katika daftari la ndoa. Sheria ya Lord Hardwicke ya 1753, iliyoanza kutumika mwaka uliofuata, iliwataka bwana na bibi arusi na mashahidi wawili watie saini zao, na asiyejua kuandika atie alama. Kasisi aliandika jina la bwana arusi kwa mwandiko wa mtu aliyesoma. Na katikati ya jina hilo, baina ya jina lake na la ukoo, kuna msalaba mdogo uliopindika, wino wake umekolea upande mmoja, pale kalamu ilipokandamizwa na mkono uliozoea jembe. Katika madaftari ya ubatizo ya watoto wake, yaliyopigwa chapa kwa mistari maalumu tangu 1813 na kumtaka kasisi ataje kazi ya baba, mtu huyo ameandikwa mara zote kazi moja: kibarua.

Mzee hakusema neno. Lakini yaliyombadilisha zaidi yalikuwa katika karatasi za wasimamizi wa masikini. Kwa sheria za Uingereza za zama hizo kila parokia ilibeba masikini wake kwa kodi ya wenyeji, na kwa hiyo kila parokia ilijihadhari asikae kwao fukara wa parokia nyingine. Kibarua asiye na mke aliyeajiriwa mwaka mzima alipata haki ya kuhesabiwa mwenyeji pale alipotumikia. Basi wakulima wengi wakawa huajiri kwa mwaka uliopungua siku kadhaa, ili haki hiyo isitimie. Karatasi tuliyoisoma ilikuwa mahojiano ya babu huyo mbele ya mahakimu wawili: alizaliwa wapi, alimtumikia nani, kwa ujira gani, kwa muda gani. Alijibu kwamba aliingia kazini siku chache baada ya sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, akaachishwa ilipofika sikukuu hiyo mwaka uliofuata. Mwaka haukutimia. Chini yake ipo amri ya kumrudisha yeye na mkewe mja mzito katika parokia aliyozaliwa. Mzee aliisoma karatasi ile mara ya pili kwa kidole, kisha akasema kwamba mabwana wa marumaru wana wa kuwakumbuka, na huyu hana ila sisi. Tangu siku ile hakutaja tena mirathi. Alianza kuuliza ujira wa kibarua ulikuwa kiasi gani, mkate ulikuwa bei gani, na kwa nini vibarua wa Norfolk walizivunja mashine za kupura nafaka mwaka 1830.

Mnamo 1 Agosti 1994 moto uliunguza maktaba kuu ya Norwich na kuteketeza vitabu zaidi ya 100,000, na hifadhi ya nyaraka ilikuwa chini ya jengo hilo hilo. Nyaraka zilinusurika na moto, ingawa maji na unyevu viliziandama, na mwaka 2003 zikapata jengo lao jipya. Hivi leo picha za madaftari mengi zinaonekana kwenye intaneti, na mjukuu wangu huzifungua katika simu akiwa garini. Ni neema kubwa, nami siilalamikii. Ila faharasa hutengenezwa na wanadamu na mashine, na jina lililosomwa visivyo huzaa nasaba isiyokuwepo. Mwenye kutafuta na aanze na walio hai, arudi nyuma hatua kwa hatua kwa hati, wala asiridhike na faharasa mpaka auone ukurasa wenyewe.

Na katika kutazama kurasa hizo liko jambo ambalo halikumshughulisha mtu wakati tulipokuwa tunawatafuta mabwana. Katika madaftari ya kale mtoto mara nyingi huandikwa mwana wa fulani, na mama hatajwi. Mwanamke huzikwa kwa kuitwa mke wa fulani, na jina lake mwenyewe limepotea. Hata usajili wa serikali ulipoanza 1 Julai 1837, hati ya ndoa iliuliza jina la baba na kazi yake tu. Jina la mama halikuingia katika hati ya ndoa ya Uingereza hadi 4 Mei 2021. Mjukuu wangu aliolewa baada ya tarehe hiyo, na jina la binti yangu limo.

Nasi watu wa pwani tuna deni kama hilo, kwani nasaba tuliyofunzwa kuihesabu ni ya wanaume juu ya wanaume. Basi nawanasihi wasomaji wangu, walio nyumbani na walio ughaibuni: wakalieni wazee wenu wangali hai, muwaulize, na muandike, na kila mnapoandika jina la baba, andikeni na la mama, na mji aliotoka, na kazi aliyoifanya.