Tuhesabu Kwanza Viti



Tulipokuwa vijana tulibandika ukutani picha ya Datsun 240Z. Gari hilo la viti viwili, lenye injini ya silinda 6, lilishinda Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala. Halikuwa pambo tu. Lilishinda katika vumbi na tope la Afrika Mashariki.

Utumishi ulitukabidhi Land Rover kuukuu. Magari ya ukoo huo yalionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, bodi zake zikiwa za aluminiamu kwa sababu chuma kilikuwa adimu baada ya vita. Injini ya kwanza ilikuwa na nguvu za farasi 50 hivi. Ile ya Datsun, 150 hivi. Tunakiri kwamba tuliona haya kuliendesha letu. Lilinguruma kama mashine ya kusaga, na mvua iliponyesha tulilowa tukiwa ndani.

Usiku mmoja wa masika tuliitwa hapa Nyantakara kumpeleka mama mjamzito hospitali, Biharamulo. Maji yalikuwa yameikata barabara. Tuliingiza gia nzito, magurudumu yote manne yakavuta, tukatambaa. Nyuma walikaa mama mwenyewe, mama mkwe wake, mkunga na vijana watatu wa kusukuma. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka; usiku ule hakuna aliyethubutu kuitamka methali hiyo. Mama alikuwa akinyamaza kwa muda mrefu zaidi kila mara, nasi tulimwomba Mungu mbio za Datsun.

Mtoto alizaliwa njiani, mikononi mwa mkunga. Alilia. Mama naye alifika hospitali akiwa hai.

Tangu hapo hatubezi mbio. Tunajua thamani ya dakika moja. Pengine Datsun ile ingelivuka tope lile, tena mapema kuliko sisi. Lakini ingevuka na dereva na mtu mmoja tu. Mkunga angebaki kando ya barabara, na mtoto yule angepokewa na nani?

Wapendwa, tunaponunua chombo, tunapojenga nyumba, hata tunapopanga juma letu, tusiulize mwendo peke yake. Tuhesabu kwanza viti.